Mchungaji Alijuaje Kuwa Mmoja Hayupo?

Ukifika Ntalikwa, huku kwetu Tabora, siku ya Jumapili baada ya Misa, utawakuta vijana chini ya mwembe wakibishana juu ya mpira wa jana. Mmoja atasema, "Fulani ndiye mshambuliaji wetu bora. Hamkuliona lile bao lake?" Mwingine atamjibu, "Bao moja! Na mipira kumi aliyoipoteza, wewe hukuiona?" Wa kwanza atacheka: "Kumi! Nani aliihesabu?" Hapo maneno hukwisha, maana ni kweli, hakuna aliyeihesabu. Mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda, na kila mtu anarudi kwake na maoni yaleyale aliyokuja nayo.

Ubishi wa mpira haumdhuru mtu. Lakini, ndugu msomaji, tazama jinsi tunavyoamua mambo mengine ya nyumbani. Mwaka huu tulime tumbaku au karanga? Mtoto huyu anakua vema, au anadhoofu polepole? Fedha kidogo ya zahanati itumike kwa kazi gani kwanza? Mara nyingi tunaamua kama wale vijana wa chini ya mwembe. Tunalikumbuka bao zuri, tunaisahau mipira iliyopotea. Na huku anayeshindwa hapotezi mchezo tu.

Leo nataka kuwasimulieni habari za mchezo wa mbali. Wapenzi wake waliuhesabu kwa makini, na hesabu ikawaonyesha jambo lililokuwa mbele ya macho yao miaka mingi wasilione. Kisha tutarudi hapa Tanzania, tuone jinsi akili ya namna ileile ilivyotumika kwa jambo kubwa kuliko mchezo wowote, yaani uhai wa watoto wadogo.

MCHEZO WA GONGO

Mchezo wenyewe huitwa besiboli, nao unapendwa sana Marekani na Japani. Hata Tanzania umefika: vijana wa shule kadhaa wanaucheza, na mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Wajapani.

Unachezwa hivi. Mrushaji wa timu moja anarusha mpira mdogo mgumu. Mpigaji wa timu ya pili amesimama na gongo, anajaribu kuupiga uende mbali. Akiupiga vema anakimbia kwenda kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, mpaka arudi pale alipoanzia. Akirudi salama, timu yake inapata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu ya timu hiyo imekwisha, na wenzao wanashika gongo.

Kuna sheria moja ambayo ni lazima tuishike, maana habari yote inategemea hiyo. Mrushaji akirusha vibaya mara nne, mpira ukapita nje ya mahali panapotakiwa, na mpigaji akavumilia asiupige, basi mpigaji huyo hupewa kituo cha kwanza bure. Anaweka gongo chini, anatembea taratibu kwenda kituoni. Hakuna kishindo wala shangwe. Hata hivyo amefika, sawa kabisa na yule aliyepiga na kukimbia.

Wamarekani walianza zamani kuandika habari za mchezo huu. Mwandishi mmoja wa magazeti, Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, ndiye aliyeeneza desturi ya kuchapa jedwali la kila mchezo, tangu karibu mwaka 1859. Vizazi vingi vikafuata kipimo kimoja cha kumsifu mpigaji: katika mara alizojaribu kupiga, ni mara ngapi aliupiga mpira akafika kituoni? Kile kituo cha bure hakikuingia katika kipimo hicho. Ilikuwa kana kwamba mtu yule hakusimama pale siku hiyo.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme wako wapigaji wawili, na kila mmoja amesimama na gongo mara 100. Wa kwanza amefika kituoni kwa kupiga mara 30, na kwa bure mara 2. Wa pili amefika kwa kupiga mara 25, na kwa bure mara 15. Kwa kipimo cha zamani wa kwanza ndiye bora, maana amefaulu mara 30 katika 98, na mwenzake mara 25 katika 85. Watu wanamshangilia, mshahara wake unapanda. Lakini jumlisha yote: wa kwanza amefika mara 32, wa pili mara 40. Wa kwanza ametolewa mara 68, wa pili mara 60 tu. Kumbe yule mtulivu, aliyejua kuuacha mpira mbaya upite, ndiye anayeifaa timu zaidi!

Mmoja wa waliolipigania jambo hili hakuwa mtu mkubwa. Aliitwa Bill James, mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharagwe ya makopo huko Lawrence, jimbo la Kansas. Katika saa zake za lindo alikaa na karatasi zake akijiuliza: hivi haya tunayoyaamini sote ni kweli? Mwaka 1977 akatoa kijitabu chake cha kwanza. Wanunuzi walikuwa wachache mno, lakini hakuacha. Miaka ilipita, na wakubwa wa mchezo wakaanza kumsikiliza.

Mwaka 2002 timu ya Oakland, chini ya meneja wake Billy Beane, ilikuwa na fedha kidogo. Mishahara ya wachezaji wake ilikuwa kama dola milioni 40, na ile ya New York Yankees ilipita milioni 120. Oakland wakatafuta wachezaji ambao wengine waliwadharau, wale watulivu wanaofika kituoni. Mwaka ule walishinda michezo 20 mfululizo, na kufikia mwisho wa msimu walikuwa wameshinda michezo 103. Matajiri wa New York je? Nao walishinda 103, ileile!

Lakini tusifiche neno. Msimu ulipokwisha yalikuja mashindano ya mwisho, ambapo kila timu ilicheza na mwenzake michezo isiyozidi mitano, na timu zote mbili zikatolewa mapema. Katika michezo 162 hesabu husema kweli. Katika michezo mitano bahati ina nguvu nyingi. Tulikumbuke jambo hili, tutalihitaji baadaye.

WALE AMBAO HAWAKUFIKA HOSPITALI

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na shirika moja la utafiti la Kanada, ilianza kazi katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Walitaka kujua jambo ambalo ukilisikia ni rahisi: je, fedha za afya za wilaya zinakwenda kule ambako watu wanakufa?

Utaniuliza, "Si wangetazama vitabu vya hospitali?" Hapo ndipo penye mtego. Kitabu cha hospitali kinamhesabu aliyefika hospitali. Mtoto aliyeshikwa na homa usiku, njia mbali, mvua inanyesha, akafia mgongoni mwa mama yake kabla ya kufika, huyo haandikwi. Anazikwa, majirani wanalia, na katika hesabu za wilaya ni kana kwamba hakuzaliwa. Na wengi walikuwa wanafia nyumbani.

Basi wakatumwa watu wenye madaftari waende nyumba kwa nyumba. Waliuliza kwa upole: mwaka huu nani amezaliwa hapa? Nani ametutoka? Aliumwaje, siku ngapi, alikuwa na dalili gani? Kazi hiyo ni nzito, kumwuliza mama habari za mwanawe aliyekufa. Lakini kwa njia hiyo wale waliokuwa hawahesabiwi wakahesabiwa.

Kisha wakaweka mambo mawili kando kwa kando: upande mmoja maradhi yanayoondoa uhai, upande wa pili fedha zinazotumika kuyapinga. Hawakuhesabu vifo tu, bali miaka ya uhai iliyopotea, maana mtoto wa mwaka mmoja akifa, anapoteza miaka mingi kuliko mzee wa miaka themanini. Katika Morogoro Vijijini waliona hivi. Malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka iliyopotea, lakini ilipewa asilimia 5 tu ya fedha za mwaka 1996. Maradhi mengine ya watoto, kama nimonia, kuharisha, surua na utapiamlo, yalichukua asilimia 28, nayo yalipewa asilimia 13. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4, lakini kilipewa asilimia 22.

Usinielewe vibaya. Mgonjwa wa kifua kikuu ni ndugu yetu, naye lazima atibiwe. Wala hakuna aliyekusudia kuwaacha watoto wafe. Kila mwaka bajeti iliandikwa kwa kufuata ile ya mwaka uliopita, basi. Ilikuwa kama kile kipimo cha zamani cha mchezo: kila mtu alikitumia, kwa hiyo hakuna aliyekiuliza swali.

Wakuu wa afya wa wilaya zile walipoiona picha hiyo, wakageuza matumizi. Waliongeza nguvu katika kupambana na malaria, pamoja na vyandarua vyenye dawa. Waliwafundisha waganga wa zahanati kumtazama mtoto mzima, si homa peke yake: anapumuaje, anaharisha, ananyonya, uzito wake ukoje? Wilaya zilipewa nyongeza ya dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, lakini ziliweza kutumia kama senti 80 tu za dola.

Ilikuwaje? Huko Rufiji mwaka 1999, katika kila watoto 1000 waliozaliwa, 100 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 2000 walifariki 72. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, vifo vilishuka kutoka 140 hadi 120 katika kila 1000. Mtu mwangalifu atasema, "Mwaka mmoja huo, labda ni bahati, kama michezo mitano ya besiboli." Amesema vema, na ndiyo maana waliendelea kuhesabu. Miaka iliyofuata vifo viliendelea kupungua.

Fikiri, msomaji. Tofauti ya 100 na 72 ni watoto 28. Ni kama madarasa mawili madogo ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, ambayo bila daftari lile yangekuwa matupu.

"WATU HAWAHESABIWI"

Nawajua wazee ambao hawapendi maneno haya. Ukimwuliza mzee wa namna hiyo ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo, namshukuru Mungu." Ukimwuliza idadi ya ng'ombe wake atakutazama kama mwizi. Atakuambia, "Mwanangu, watu hawahesabiwi. Hata katika Biblia Mfalme Daudi aliwahesabu watu, na baa likaingia nchini."

Mzee huyo hasemi upuuzi, tumjibu kwa heshima. Ni kweli, Daudi aliamuru watu wahesabiwe, na baadaye moyo wake ulimchoma kwa kosa hilo. Lakini alihesabu nani? Wanaume wenye kushika upanga. Alitaka kujua nguvu zake ili ajivune, badala ya kumtegemea Mungu. Hiyo ni hesabu ya kiburi.

Sasa mkumbuke mchungaji wa Injili ya Luka, mwenye kondoo mia. Aliwaacha tisini na tisa, akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Tumeisikia habari hii mara nyingi kanisani, lakini je, tumewahi kujiuliza, alijuaje kuwa mmoja hayupo? Ukilitazama kundi la kondoo tisini na tisa kwa macho, linafanana kabisa na kundi la mia. Jicho halikumwambia kitu. Alijua kwa sababu alihesabu! Na alihesabu kwa sababu kila mmoja alikuwa na thamani kwake. Hiyo ni hesabu ya upendo.

Kanisa nalo halikuogopa daftari. Kila parokia ina vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu. Humo mtoto wa mkulima anaandikwa sawa na mtoto wa tajiri, jina lake, la baba, la mama, na siku. Wala hizo si namba tupu: kila mstari una mtu.

DAFTARI LA NYUMBANI

Sasa tufanye nini sisi, katika kijiji chetu? Hatuhitaji mashine. Daftari moja na kalamu vinatosha, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa karani.

Tuanze na kadi ya kliniki ya mtoto. Wazazi wengine wanaiweka kama cheti tu. Kumbe ni chombo cha kufikiri. Kila mwezi uzito unatiwa alama, na alama hizo zinafanya mstari. Mtoto anaweza kucheza na kucheka, jicho la mama likaona yu mzima, lakini mstari umeacha kupanda. Mstari huo unasema neno mwezi mmoja au miwili kabla ya jicho. Usingoje aonekane mgonjwa. Mwulize mwuguzi siku hiyohiyo.

La pili ni shamba. Hapa kwetu tumbaku inajulikana, na siku ya malipo fedha huja pamoja, fungu zima. Karanga zinauzwa debe leo, debe juma lijalo, na fedha yake inapita kimya kimya kwa chumvi na sare za shule. Kwa hiyo mioyo yetu inaikumbuka tumbaku. Lakini tuandike. Tuseme tumbaku imeleta shilingi 1,500,000. Ondoa mkopo wa mbolea na dawa uliokatwa na chama, 700,000. Ondoa vibarua 250,000. Ondoa kuni na banda la kukaushia, 150,000. Zimebaki 400,000. Tuseme karanga, debe kwa debe, zimefika 620,000, na gharama yake ni 170,000. Zimebaki 450,000. Sasa hesabu siku za kazi za baba, mama na watoto: tumbaku siku 200, karanga siku 90. Basi siku moja ya jasho katika tumbaku imelipa shilingi 2,000, na katika karanga 5,000.

Nasema tena, namba hizi ni za mfano tu. Huenda daftari lako likaonyesha kinyume, na tumbaku ikashinda. Si kazi yangu kukuchagulia zao. Ninachosema ni kwamba usichague kwa kukumbuka shangwe ya siku ya malipo.

Ukianza, shika mambo matatu. Kwanza, andika siku ileile, maana kumbukumbu hupenda kudanganya. Hata wapagazi wa zamani waliopita hapa Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji wangekuambia hivyo. Msafara usiohesabu mizigo jioni ungejua hasara yake mwisho wa safari, na hapo huwezi tena kurudi porini kutafuta. Pili, linganisha vitu vilivyo sawa. Ukitaka kujibu kama mbegu mpya ni bora, usiipande kwenye shamba jipya na ya zamani kwenye shamba lililochoka. Ligawe shamba moja, zipande siku moja, zipalilie pamoja. Tatu, usiamue kwa msimu mmoja. Mvua ina mambo yake. Misimu mitatu inasema kweli kuliko mmoja.

Na juu ya yote, jiulize daima swali la mchungaji: nani au nini hakimo katika hesabu hii? Katika besiboli hakuwamo mtu aliyetembea taratibu kwenda kituoni. Katika vitabu vya hospitali hawakuwamo waliofia nyumbani. Katika hesabu ya tumbaku mara nyingi halimo jasho la mama na watoto, kwa sababu halilipwi. Katika jumuiya ndogondogo, tunahesabu waliokuja kusali, na yule mjane ambaye hajaonekana majuma matatu, nani amemhesabu?

Hesabu haitatufanya watakatifu. Haitupi mvua, wala haichukui nafasi ya sala. Haipimi wema wa mama wala machozi ya yatima. Lakini inatufungua macho tumwone aliye kimya, na tukiisha kumwona hatuna tena udhuru wa kumwacha.

Basi Jumapili ijayo, vijana wakianza tena ubishi wao chini ya mwembe, msiwafukuze. Mpeni mmoja wao daftari. Aandike mchezo mzima: nani amepoteza mpira, nani ameutoa vema kwa mwenzake, nani amezuia. Afanye hivyo michezo kumi. Huenda wakagundua kuwa mchezaji wao bora ni kijana mmoja mtulivu ambaye hakuna anayelitaja jina lake. Watacheka, watashangaa. Na siku watakapokuwa baba na mama, wenye mashamba na watoto wao, watakuwa tayari wamejifunza kuuliza kabla ya kuamua: je, tumehesabu? Na nani hayupo?